Je, wajua kwa nini simu ya mtu usiyemjua inalijua jina lako?

Kuna mama mmoja wa Shanty Town nilipewa namba yake na jirani yake nimpigie, friji lake halishiki baridi. Mi ni fundi wa mafriji hapa Moshi, nakaa Majengo. Nikapiga, ikaita mara mbili, akapokea anacheka. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba, haya niambie, Fundi Muongo."

Nikajua huyo jirani ameshaniharibia. Kumbe wala. Nilipofika kwake akanionyesha simu, pale kwenye simu zilizoingia nimeandikwa FUNDI FRIJ MUONGO MOSHI, herufi kubwa, pembeni kuna kiduara cha picha hakina mtu. Na huyo mama namba yangu hakuwa nayo, hajawahi kunipigia, hanijui hata kwa sura. Ana apu fulani ya kuonyesha jina la mtu anayepiga, mwanae alimwekea akamwachia, hata mama mwenyewe hajui inaitwaje na mi ndo nilikuwa naiona mara ya kwanza maishani. Nikambadilishia temostati, nikachukua changu, ila kutoka pale mpaka mzunguko wa YMCA kichwa kinaniuliza swali moja tu, hilo jina limefikaje pale?

Nimelifuatilia hilo jambo kuliko nilivyowahi kufuatilia kitu chochote kisicho na komprensa. Sasa nawaeleza.

Kwanza tuondoe hili ambalo kila niliyemuuliza kijiweni amenijibu, kwamba kampuni za simu zimeuza majina ya usajili wa laini. Kama lingetoka huko mbona lingekuja jina langu la ubatizo na la ukoo, lile la kitambulisho cha taifa, cha NIDA, nililowekea alama za vidole, NIDA hakuna karani wa kumwandika mtu Muongo. Jina la usajili tunaliona sehemu moja na sote tunaitumia vibaya, ni kwenye kutuma hela. Namba ngeni inakusumbua usiku, unaingia M-Pesa au Airtel Money unajifanya unairushia buku, kabla hujathibitisha linakuja jina kamili la mwenye laini, unalisoma, unakatisha, buku lako unabaki nalo. Moshi nzima inaujua huo mchezo na walioko kwenye ndoa ndo maprofesa wake.

Kuna jina lingine la WhatsApp, kwenye grupu la harusi au la msiba unaona namba usiyoijua ina kialama cha wimbi halafu jina, ~Mangi Mtata, ~Mama Two. Hilo amejipa mwenyewe, halina siri yoyote.

Hili langu la Muongo ni la aina ya tatu, limetoka kwenye fonibuku ya mtu mwingine. Kuna mteja wangu, sijui yupi ila nina watu watatu ninaowashuku, alinisevu hivyo kwenye simu yake kwa hasira zake (na kusema kweli kuna kipindi nilikuwa nasubiri komprensa kutoka Arusha nikamwambia mtu Jumamosi nikaenda Jumanne, sikatai). Huyo mtu siku moja akapakua apu ya kutambua wapigaji, ikamuuliza inaruhusiwa kuona namba zake, akabonyeza Ruhusu kama wote tunavyobonyeza, na fonibuku yake yote ikapanda kwenye seva, yani kompyuta za kuhifadhia za wenye apu. Namba na majina alivyoyaandika yeye, na matusi yake. Kuanzia hapo yeyote mwenye apu hiyo nikimpigia, simu yake inaulizia kule, "hii namba ni nani?" na kule wanajibu walivyoambiwa. Wakikusevu watu wengi kwa majina tofauti, kompyuta inachagua lile inaloona ndo lenyewe. Na kama ni mmoja tu aliyekusevu basi huyo ndo kakubatiza.

Hapo ndo nilipokaa chini. Maana mi sikupakua kitu, sikuruhusu kitu, sikukubaliana na vigezo na masharti ya mtu. Ruhusa imetolewa na mtu mwingine kwa niaba yangu, na kwa niaba ya kila mtu aliyemo kwenye simu yake, shangazi zake, mchungaji wake, daktari wake, kama ana namba 900 basi katoa watu 900 kwa dole moja, ndani ya sekunde moja, tena akiwa kwenye daladala ya Kiboroloni.

Afu kuna hii ya lugha, inanichekesha na inaniuma. Kama simu yako ya Android umeiweka Kiswahili, swali linakuja hivi, ungependa kuruhusu apu fulani ifikie anwani zako? Anwani! Mtu wa huku ukimwambia anwani anajua ni sanduku la posta, S.L.P. ya shule aliyosoma. Nilimuuliza mama yangu mdogo kule Kibosho kwa nini alibonyeza ndiyo, akanijibu, "Mwanangu, kwani nikificha anwani barua zitafikaje?" Kwa wenye Android hizo anwani maana yake ni namba zote za watu ulizosevu. Sijui nani aliwatafsiria.

Na hilo swali lenyewe si la zamani kivile. Februari 2012 iligundulika kuna apu ya Marekani inaitwa Path ilikuwa inabeba fonibuku nzima za watu wa iPhone kuzipeleka kwenye seva zake bila hata kuuliza. Ilipigiwa kelele kweli, mwaka huo huo Apple wakaweka kwamba lazima apu iombe kwanza. Android wakaja kuanza kuuliza moja moja kwenye toleo la 6, mwaka 2015, kabla ya hapo ulikuwa unakubali yote kwa mkupuo wakati unapakua, na nani alikuwa anasoma ile orodha.

Za kutambua wapigaji ziko nyingi. Inayojulikana zaidi ni Truecaller, ya Wasweden, ilianza Stockholm mwaka 2009. Wao wanasema apu yao ya Play Store na ya App Store haipandishi fonibuku ya mtu, majina wanayapata kwa njia zingine ikiwemo watumiaji kupendekeza huyu ni nani. Kuna nyingine, GetContact, yenyewe inakuonyesha kabisa vile watu mbalimbali walivyokusevu, moja baada ya nyingine. Watu wanaifungua kwa mzaha wanatoka wamenuna.

Msidhani haya ni ya mafundi tu. Mwaka 2020 yule mpinzani wa Urusi, Alexei Navalny, aliwekewa sumu, na Desemba ya mwaka huo waandishi wa Bellingcat wakatoa uchunguzi wao wakiwataja watu wa usalama wa Urusi, FSB. Moja ya vitu walivyotumia ni hizi hizi apu za majina, wanachukua namba wanaiulizia, na kuna namba ilikuwa imeseviwa na mtu huko neno FSB likiwa mbele ya jina la mwenyewe. Yani jasusi amefundishwa kujificha, hana Facebook, hana picha, afu rafiki yake mmoja kamsevu "FSB fulani" asije akamchanganya na fulani mwingine. Sisi si tunafanya hivyo hivyo, Juma Tanesco, Anna Benki, Meku Polisi.

Facebook nako ni fonibuku hizo hizo. Ile orodha ya "watu unaoweza kuwafahamu", unashangaa inakuletea yule dada uliyenunua kwake mtumba soko la Memorial mara moja tu mwaka juzi, mkapeana namba kwa ajili ya kiatu. Watu wanasema simu inatusikiliza. Haihitaji kusikiliza mtu, mmoja wenu akikubali kupandisha namba zake tayari kamba imefungwa upande mmoja. Mwaka 2013 Facebook wenyewe walikiri kulikuwa na kasoro, mtu akipakua taarifa zake anapewa na namba na barua pepe za watu wengine ambazo hao watu hawakuwahi kuziweka Facebook, zilipandishwa na marafiki zao. Walioguswa walikuwa kama milioni 6.

Sasa niende kwenye inayouma zaidi, maana jina la Muongo mi nimeshalizoea. Mikopo ya kwenye simu, kausha damu ya kisasa. Unapakua apu, unaomba elfu hamsini, kabla ya hela inaomba kuona namba zako. Una shida, mtoto karudishwa nyumbani kutoka shule, unaruhusu. Siku ukichelewa kulipa meseji haziji kwako peke yako, zinaenda kwa mjomba wa Rombo, kwa bosi, kwa mwenyekiti wa jumuiya, "mwambieni fulani alipe deni, amewaweka nyie kuwa wadhamini". Jirani yangu alijua kuwa dada yake anadaiwa kupitia meseji ya namna hiyo, wakati wako mezani wanakula, simu zao zote mbili zikalia pamoja. Hawakuongea mpaka sahani zikatolewa.

Ndo maana Google mwaka 2023 wakapiga marufuku apu za mikopo za Play Store kugusa namba na picha za mtu, na Novemba 2024 Benki Kuu yetu ikatoa orodha ya apu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni, ikawaambia watu wasijihusishe nayo. Kwa hiyo ukitumiwa linki ya mkopo WhatsApp ikakwambia upakue faili moja kwa moja bila kupitia Play Store, jua kwa nini wamekwepa huko.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume yake ambayo unaweza kupeleka malalamiko. Mtu anayeshika taarifa zako una haki ya kumuuliza anazo zipi na kumtaka arekebishe zilizokosewa. Ila nani wa kupeleka malalamiko kwa sababu kaitwa Fundi Muongo, mi mwenyewe nilijionea aibu.

Nilichofanya ni hiki. Nimeingia kwenye tovuti za hizi apu moja moja, nyingi zina sehemu ya kuomba namba yako iondolewe. Ya Truecaller ipo, unaandika namba kuanzia +255, kama una akaunti kwao uifunge kwanza. Afu kwenye simu, Mipangilio, Faragha, unatafuta mahali pa ruhusa, unagusa Anwani (ndio, hiyo hiyo anwani), inakuletea apu zote ulizoziruhusu kuona namba zako. Wenye iPhone zenye mfumo wa iOS 18 kuja juu wanaweza hata kuichagulia apu ione watu wachache tu. Kuzima hakurudishi kilichokwisha kupanda, ila kunazuia majina mapya yasiongezeke.

Yangu nilikuta apu 14. Kuna ya tochi humo. Kuna ya kuhesabu siku za ng'ombe kuzaa niliyompakulia baba, na kuna gemu la karata ambalo sikumbuki kulicheza hata siku moja. Tochi inataka namba za watu za nini?

Nikazima zote kasoro WhatsApp. Afu ndo nikafungua fonibuku yangu mwenyewe, nilitaka kuangalia ina watu wangapi, ikawa kosa. MAMA GLORY HALIPI RAU. MZEE FRIJI BOVU MLEVI. BABA K SOWETO ANA WAWILI, na huyo niliandika hivyo kwa sababu ana mafriji mawili, sasa mwenye akili zake akiona hivyo ataelewa friji? Mkewe je? Na gemu la karata lilishaona yote hayo, sijui limempa nani.

Tangu juzi kila jioni nikifunga banda nakaa kwenye kiti changu nafuta na kuandika upya, mmoja mmoja, jina na mtaa basi. Baba K nimemfanya Baba K Soweto. Jana usiku nimefika herufi M, na hapo ndo nimekwama, nina akina Mama sitini na tatu, nusu yao hawalipi, nikiwaandika Mama Rau tu nitawatofautishaje? Nilimpigia mmoja wao kumuuliza jina lake hasa ni nani, akasita kidogo, akasema, "Kwani unalitakia nini, fundi?"