Sato wa Igombe na mvinyo wa Dodoma: safari ya kutwa kutoka Mwanza

Kabla ya kuuliza nauli, angalia mwezi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hizo hazivuti kitu. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi wa dagaa wanapumzika, kwa hiyo anayetaka dagaa wabichi wa kukaanga aende siku za giza. Wakavu wanapatikana wakati wote, ila wasugue kiganjani kwanza: walioanikwa mchangani huacha chembe, walioanikwa kwenye chanja hawaachi.

Kwa nusu siku, Igombe, eneo la wavuvi nje kidogo ya jiji, inatosha. Unapita uwanja wa ndege na kuendelea. Uwe mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, saa moja asubuhi. Ukifika saa nne, wazuri wameshabebwa. Kwa sato, funua shavu: ndani pawe pekundu. Pakiwa pa kahawia na ute mzito, achana naye. Mbonyeze mgongoni, shimo likibaki, huyo kalala. Wa chini ya sentimeta 25 usimchukue hata kwa bei ya kutupa, kanuni za uvuvi zinamkataza na ni miiba mitupu. Wa kuchoma awe wa nusu kilo hadi robo tatu.

Mpige chale tatu kila upande mpaka mfupa, chumvi, ndimu, dakika 15. Ukimwacha kwenye ndimu saa nzima nyama inalegea na kumomonyoka jikoni. Wavu upate moto kwanza, ndipo uupake mafuta. Samaki hung'ang'ania wavu wa baridi. Dakika 8 hadi 10 kila upande, geuza mara moja tu. Mwombe mama lishe ugali wa muhogo, unafaa zaidi kuliko wa sembe. Na usioshee samaki wala miguu ufukweni, kichocho kipo.

Sasa mvinyo. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo chupa hazikosekani Mwanza. Shida ni joto la njiani na la rafu za dukani. Kizibo kilichosukumwa juu ni dalili kwamba chupa imepikwa na jua. Chukua mweupe mkavu. Mwekundu una madini ya chuma yanayokutana na mafuta ya samaki na kuacha shombo mdomoni, hasa kwa sangara. Mweupe mtamu nao unafunika ladha ya sato, heri soda. Chupa iingie kwenye deli (sanduku la kutunza baridi) lenye barafu, maji na konzi mbili za chumvi: nusu saa inatosha, wakati barafu tupu bila maji huchukua zaidi ya hapo.

Kisiwa cha Ukerewe msikiweke kwenye safari ya kutwa. Meli ya Nansio, bandari yake, huchukua saa tatu na zaidi, mtakula melini. Sengerema sasa inawezekana: tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko, iliyokuwa inakula muda mwingi.

Samaki wa kurudi nao watolewe matumbo pale pale, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Acha tundu la deli wazi maji yachuruzike. Samaki akilowa kwenye maji ya damu, akifika mjini hana ladha.