Je, wajua kwa nini "imani" na "amana" ni maneno ndugu?

Jumapili tumetoka ibada hapa Busia, upande wetu wa Uganda, kijana mmoja wa boda boda akanishika mkono akaniuliza, mwalimu, hivi imani ni nini hasa? Ni kuamini kwa nguvu nguvu mpaka kitu kitokee? Maana yeye ameamini atapata pikipiki yake mwenyewe, amefunga, ametoa sadaka, na bado kila jioni anampelekea bosi hesabu ya pikipiki ya watu. Sikumjibu vizuri pale, watu walikuwa wengi, lakini swali lilinikaa moyoni wiki nzima.

Hebu tuanzie sokoni. Kuna mama anauza mukene, wale dagaa wa ziwani, kila jioni akifunga meza anavuka barabara mpaka kwa mzee wa duka la nafaka, anafungua fundo la leso, anahesabu noti zake mara mbili, anamwachia. Hakuna risiti, mzee anaandika tu kwenye daftari lililochakaa kona zote, na asubuhi mama anakuta pesa yake kamili ya kwenda kuchukua mzigo. Hiyo pesa kwa Kiswahili inaitwa amana. Mzee anaitwa mwaminifu. Na mama, yeye amemwamini. Unaona? Imani, amana, amani, mwaminifu, mpaka Amina tunayoitikia mwisho wa maombi, mzizi ni mmoja. Sisi tumeyapata kwa Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja, ndo maana hata Agano la Kale kwa Kiebrania linasema emuna, yaani imani, na amen. Maana yake ya ndani ni kitu kilichosimama imara, kitu unaweza kukiegemea na kisikuangushe.

Sasa hapa ndo panapenda kunitoa machozi. Hilo neno emuna kwenye Biblia linatokea mara ya kwanza wapi? Si kwa mtu anayeomba apone, wala kwa mtu anayetaka mali. Ni Kutoka 17, Israeli wanapigana na Amaleki kule Refidimu, Musa yuko juu ya kilima na fimbo mkononi, akiinua mkono Israeli wanashinda, akiushusha Amaleki wanashinda. Jaribu wewe kuinua mikono dakika kumi tu uone mabega yatakavyowaka! Mikono ya Musa ikawa mizito. Wakaleta jiwe akakalia, Haruni upande huu, Huri upande ule, wakamshikilia, na mstari wa 12 unasema mikono yake ikathibitika mpaka jua likazama. Huko "kuthibitika" ndo emuna yenyewe. Yaani imani hapo ni mikono ya mzee aliyechoka ambayo haijashuka, na haijashuka kwa sababu kuna wenzake wameishika.

Hata Kigiriki cha Agano Jipya ni hivyo hivyo, neno pistis ni imani na pia ni uaminifu, ndilo lililotafsiriwa "uaminifu" kwenye tunda la Roho, Wagalatia 5:22. Na kwa Luganda wanasema okukkiriza, ni kuamini na ni kukubali pia, mtu amekubaliana na Mungu. Ndo maana Yakobo 2:19 anasema mashetani nao wanaamini na kutetemeka, wanajua Mungu yupo ila hawajamkabidhi kitu.

Mwangalie Ibrahimu. Alitoka Harani ana miaka 75, Isaka akazaliwa yeye ana miaka 100, hesabu mwenyewe miaka 25 ya kungoja. Mwanzo 15:6 inasema akamwamini Bwana, halafu mistari miwili tu mbele, wa 8, anauliza nipateje kujua ya kwamba nitairithi? Mtu aliyeamini anauliza swali na Mungu hakumkaripia! Na Waebrania 11, sura tunayoipenda kuisoma kwa sauti kubwa, tunaruka mstari wa 13, "hawa wote wakafa katika imani, wasijazipokea zile ahadi." Wengine walifunga makanwa ya simba, wengine walikatwa kwa misumeno, na wote wameandikwa sura moja. Sisi watu wa Uganda tungepaswa kulijua hili kuliko wengine, kwa sababu tarehe 3 Juni 1886 pale Namugongo Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, Wakatoliki na Waanglikana, wengi wao vijana wa ikulu, na moto haukuzimika. Nani atasema imani yao ilikuwa ndogo?

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu shangazi yangu alizika mtoto, na kanisani wakamwambia angekuwa na imani ya kutosha mtoto angepona. Alibeba maneno hayo miaka mingi, yalimchoma kuliko hata msiba. Lakini yule baba wa Marko 9:24 alisema naamini, nisaidie kutokuamini kwangu, imani nusu na machozi, na Yesu hakumwambia nenda kaongeze kwanza, alimponya mtoto.

Kwa hiyo kijana wangu, bosi wako anakuachia pikipiki ya mamilioni usiku na mchana halafu analala, kwa nini? Kwa sababu anajua utarudi. Na wewe Mungu unamjua hivyo? Hilo ndo swali, kabla ya pikipiki. Pikipiki yako bado naiombea, sijaacha. Njoo Jumatano kwenye maombi, ukichoka tutakutafutia kiti ukae, mimi nitashika mkono mmoja, na yule mama wa mukene nimeshamwambia ashike wa pili.