Je, wajua kwa nini rada ya kutafutia mabomba hupofuka karibu na bahari?

Sahare, jirani na mikoko, nilimkuta fundi akisukuma kigari cha rada ya ardhini huku akikodolea macho kioo chake. Kifaa hichohicho kilikuwa kimemwonyesha bomba la plastiki kwenye mchanga mkavu huko Dodoma. Hapa Tanga, chini ya nusu mita hakikuonyesha kitu ila ukungu. Alidhani kimeharibika, kumbe kilikuwa kizima. Kilichokishinda ni chumvi.

Rada hutuma mawimbi ya redio ardhini na kusubiri mwangwi. Mawimbi yakikuta kitu kisichofanana na udongo unaokizunguka, sehemu yake hurudi, na bomba hujichora kwenye kioo kama upinde. Ndiyo maana rada inaweza kuona plastiki, jambo ambalo vifaa vingine vingi haviwezi. Lakini maji ya bahari hupitisha umeme zaidi ya mara mia kuliko maji ya mto, na udongo ulioyanywa humeza mawimbi kabla hayajafika chini, seuze kurudi. Rada ya megahezi 400 ambayo kwenye mchanga mkavu hufika mita mbili au zaidi, kwenye tope la chumvi yaweza kuishia kina cha goti. Kupandisha bei ya mashine hakusaidii, kwa sababu chumvi haiangalii bei.

Basi ukiwa pwani, anza na kifaa cha aina ya pili, kile chenye visehemu viwili: kisanduku kinachotia mkondo kwenye bomba au kebo, na kipokezi cha mkononi kinachosikiliza sumaku inayozunguka mkondo huo. Hiki hakisumbuliwi sana na chumvi. Tena ardhi yenye unyevu humfaa fundi, maana mkondo unahitaji njia ya kurudi, na chuma cha athi, kile kinachochomekwa ardhini ili mkondo urudi kwenye kisanduku, kikikaa kwenye tope hushika vizuri. Taabu iko kwenye mwamba wa matumbawe mkavu: athi haishiki, sauti kwenye kipokezi inafifia, mtu anaanza kulaumu betri. Mwagia maji pale ilipochomekwa athi, kisha sikiliza tena.

Kitu kinachostahili fedha yako hapa ni uchaguzi wa masafa, yaani mara ngapi mkondo hutetema kwa sekunde. Masafa ya chini, kama hezi 512, husafiri mbali na hukaa kwenye bomba ulilolikusudia. Ya kati, kama kilohezi 8, hutosha kazi nyingi. Ya juu, kilohezi 33 au 65, huruka kiungo chenye mpira ambacho masafa ya chini hushindwa kukivuka, ila huruka pia kwenda kwa jirani. Mtaa kama Ngamiani, ambako bomba la maji na kebo vinaweza kupita ubavu kwa ubavu, unaweza kulifuata bomba la maji hatua ishirini, kumbe mguu uko juu ya kebo. Kwa hiyo, inapowezekana, funga waya moja kwa moja kwenye bomba la chuma. Kwa kebo tumia kibanio kinachoizunguka kwa nje; kebo yenye umeme usiunganishe waya wa kifaa kamwe.

Kipokezi husikia pia hezi 50 za umeme wa kawaida bila msaada wa kisanduku. Usikiamini kikinyamaza. Kebo ambayo hakuna anayeitumia saa hiyo haina mkondo, na isiyo na mkondo haina sumaku ya kusikika, lakini sururu ikiigusa inaua vilevile.

Plastiki haina mkondo, na mkongo wa mawasiliano (kebo ya nyuzi za kioo) usio na chuma ndani yake hauna pia. Ikiwa bomba lina mdomo unaofikika, sukuma ndani yake kidude kidogo kinachorusha mawimbi, ukifuate kwa juu. Kama halina, ni kuchimba taratibu kwa mkono. Inaniuma kuona mabomba ya plastiki yakilazwa hadi leo bila waya wa shaba kando yake, kwa kuwa waya ule mwembamba ndio ungempa sauti fundi atakayekuja miaka ishirini baadaye.

Kabla ya kununua, mwombe muuzaji aje na kifaa mahali ambapo bomba lake unalijua, kina na mwelekeo. Mlete Sahare siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, kwa kuwa karibu na ufuko maji ya ardhini nayo hupanda. Mwache atafute bila kumwonyesha, aweke alama kwa chokaa, kisha chimbeni kwa koleo mpime umbali kati ya chokaa na bomba.