Kwadi ya mtoto inazima ukirudisha choki? Weka bisibisi chini kwanza

Masika yakikatika ndipo kwadi, hizi pikipiki ndogo za magurudumu manne, zinapoanza kuletwa. Kuanzia Machi hadi Mei kwadi za watoto hukaa chini ya ngazi au nyuma ya nyumba zimefunikwa turubai. Jua likitoka mtoto anadai chombo chake, baba anabonyeza selfu, na hapo shida inaanza: inawaka kwa choki, choki ikirudishwa tu inakufa.

Wiki iliyopita nililetewa moja nyekundu ya 110 cc, imepakiwa kwenye guta. Mwenye mali hakungoja hata ishushwe.

"Fundi, zile skrubu nimezikaza na kuzilegeza mpaka nimechoka. Niuzie kabureta mpya yaishe."

Mwanawe, kama miaka minane hivi, kashika kofia yake ngumu kifuani. "Shikamoo anko." Marahaba. Sikuuza kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli.

Ukiona injini inapumua vizuri kwa choki na inakata pumzi bila choki, maana yake inapata hewa nyingi kuliko petroli. Choki huziba hewa, ndiyo maana inaificha shida. Sababu mara nyingi ni moja kati ya mbili: jeti ndogo, yaani kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, imeziba, au kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, baada ya kabureta. Skrubu haizibui jeti wala haizibi ufa. Ukiizungusha kabla ya kujua tatizo liko wapi, unakuwa umeongeza tatizo la pili.

Nyingi ya injini hizi za Kichina zimefuata umbo la ile ya Honda Cub, silinda imelala kuelekea mbele, na kabureta yake mara nyingi ni PZ19. Hiyo 19 ni upana wa koo lake kwa milimita. Ndani kuna jeti mbili. Kubwa inafanya kazi ukivuta ekseleta. Ndogo ndiyo inayolisha injini ikiwa sailensi, yaani ikinguruma bila kuvutwa ekseleta, na tundu lake halifiki hata nusu milimita. Petroli ikikaa miezi, ile sehemu nyepesi inaruka, inabaki gundi ya kahawia. Gundi hiyo haihitaji kuwa nyingi.

Nilifunga koki ya mafuta, nikalegeza skrubu ya chini ya bakuli, nikakinga kwa kopo. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya rangi na harufu ya vanishi. Chini ya bakuli kulikuwa na unga wa kijani na tone la maji limejitenga, linatembea peke yake kama zebaki. Jeti kubwa nikaiinua juani, nikaona mwanga. Ndogo, giza tupu.

Hapa ndipo vijana wanapoharibu. Wanachukua njiti ya chelewa au waya wa breki na kuchokoa. Jeti ni shaba laini. Ukiitanua kidogo tu, injini itakunywa mafuta maisha yake yote. Mimi nailoweka kwenye dawa ya kabureta, kisha natumia unyuzi mmoja wa waya wa spika, halafu upepo wa kompresa ya jirani yangu wa pancha. Vipitio vya mwili wa kabureta navyo vipulizwe, kila tundu, macho yakiwa na miwani. Usipulize kwa mdomo, petroli si maji ya dafu. Na hakikisha hakuna jiko la mkaa karibu. Pale kijiweni mama wa chapati yuko hatua kumi, kwa hiyo kazi hii nahamia upande wa pili.

Nikarudisha, ikawaka, choki nikairudisha, ikabaki hai. Lakini ikawa inalia juu na kushuka taratibu mno ukiachia ekseleta. Nikanyunyiza maji kidogo pale kabureta inapofungwa kwenye shingo ya injini. Mlio ukabadilika papo hapo. Oringi, ile pete ya mpira ya kuziba hapo, ilikuwa bapa kama noti, na hewa ilikuwa inapita pembeni. Oringi mpya kutoka maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, kazi ya dakika kumi. Kumbe na ile skrubu ya sailensi baba alikuwa ameikaza karibu mpaka mwisho kuilazimisha isizime.

Sasa ndiyo bisibisi. Injini iwe imepata moto. Skrubu ya mchanganyiko ikaze taratibu mpaka iguse, usiilazimishe, kisha ilegeze mzunguko mmoja na nusu. Angalia imekaa wapi: ikiwa upande wa filta ya hewa, inapima hewa, ukilegeza unapunguza nguvu ya mafuta, ikiwa upande wa injini, inapima mafuta, ukilegeza unaongeza. Wengi wanachanganya hapo. Zungusha robo robo mpaka injini iimbe juu kabisa, kisha shusha sailensi kwa skrubu nyingine hadi karibu mizunguko 1,500 kwa dakika. Kwadi iliyopangwa hapa usawa wa bahari, ukiipeleka Arusha, kwenye mita kama 1,400, itaanza kutoa harufu ya petroli. Hewa ya kule ni nyepesi. Si ugonjwa.

Kwa nini nasumbuka na sailensi? Kwadi nyingi za watoto hazina klatchi ya mkono. Klatchi yake hujikamata yenyewe mizunguko ikipanda. Ukiiacha sailensi juu, mtoto anaweka gia tu, chombo kinaondoka bila kuguswa ekseleta. Kwa hiyo naiweka kwenye saruji tambarare, naingiza gia, naachia mikono. Isisogee hata inchi.

Miaka ya nyuma nilirudisha kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta nikiwa nimekigeuza. Ule mkato wake unatakiwa utazame upande wa filta. Nikapiga kiki, injini ikapaa moja kwa moja. Bahati matairi ya nyuma yalikuwa juu ya kreti la soda. Tangu siku hiyo, kabla ya kuwasha, navuta ekseleta na kuiachia. Nisiposikia "tak" ya kufunga, siwashi.

Ya yule mtoto ilitulia. Nikaipiga gia, ikakaa. Nikajaribu breki ya nyuma, mkono wa breki ukafika mpaka kwenye hendeli bila kushika chochote. Nikamwambia baba mtu aje Jumamosi, na funguo ikabaki mfukoni kwangu. Mtoto alinuna mpaka guta likaondoka.