Kupungua uzito ukiwa kwenye mazoezi makali: usikate chakula kinachozunguka mazoezi

Wengi wanaofanya mazoezi makali kwa nia ya kupungua wana siku zinazofanana. Asubuhi wanakimbia au kunyanyua vyuma tumbo likiwa tupu. Wakimaliza wanakunywa chai kavu kwa kuwa hawasikii njaa, mchana wanakula kidogo na kuridhika kwamba leo wamejitahidi, halafu saa mbili usiku wanaanza kula na hawaachi mpaka wapande kitandani. Wiki inaisha, mizani haijasogea, na wanajilaumu kwa kukosa nidhamu. Naomba waache kujilaumu. Kosa lao ni kukata chakula katika saa ambazo mwili unakihitaji zaidi, na njaa ya usiku ni deni lililoanza kulimbikizwa tangu asubuhi.

Mazoezi makali hushusha kwa muda ghrelini, homoni ya njaa inayotengenezwa zaidi tumboni, na kupandisha homoni za shibe kama PYY na GLP-1. Ndiyo maana mtu aliyetoka kwenye mbio za kasi anaweza kukitazama chakula bila kukitamani. Hali hiyo hudumu kama saa moja, pengine zaidi kidogo, kisha inaondoka, na akiba iliyotumika inabaki haijarudishwa. Misuli yote ya mtu mzima hubeba gramu 300 hadi 500 za glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa mwilini, na ini gramu 80 hadi 100 tu. Kwa hiyo kutosikia njaa baada ya mazoezi hakukuambii chochote kuhusu mahitaji yako ya siku hiyo. Kula kwa saa, usisubiri tumbo likuambie.

Una nafasi ndogo kuliko unavyodhani

Ushauri unaosikika kila mahali ni kupunguza kalori 500 kwa siku. Tuupime kwa mtu wa kilo 70 ambaye kilo 58 kati ya hizo si mafuta, anayekimbia kilomita 10 siku nne kwa wiki. Bila mazoezi anatumia takriban kalori 2,150 kwa siku. Kukimbia hugharimu karibu kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, kwa hiyo kilomita 10 ni kama 700. Ukitoa zile ambazo angezitumia hata akikaa tu, zinabaki kama 620. Siku ya mbio, basi, anatumia karibu 2,770.

Sasa kuna kipimo ambacho wataalamu wa lishe ya michezo hukitegemea sana: chakula ulichokula, toa gharama ya mazoezi, gawa kwa kilo za mwili zisizo mafuta. Jibu likikaa chini ya kalori 30 kwa kilo kwa siku nyingi mfululizo, mwili huanza kufunga huduma zake, ikiwemo homoni za uzazi, ujenzi wa mifupa na kinga. Mstari huo haukati sawasawa kwa kila mtu, lakini ni onyo zuri. Mtu wetu akipunguza 500 siku ya mapumziko atakula 1,650, na 1,650 kwa 58 ni 28. Tayari ameshuka chini ya mstari, kwa ushauri ambao kila mtu anauona wa wastani.

Ningempangia hivi: siku za mbio apunguze 300, ale karibu 2,470, siku za mapumziko apunguze 400, ale 1,750. Hesabu ya siku za mbio inatoa karibu 32, ya mapumziko 30. Kwa wiki upungufu unafika kalori 2,400, na kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700, atapungua kama gramu 300 kwa wiki, au kilo mbili na nusu kwa wiki nane. Najua inaonekana ndogo. Mwenye mafuta mengi zaidi anaweza kwenda kasi zaidi, hadi asilimia 0.7 ya uzito wake kwa wiki, lakini anayefanya mazoezi makali asiipite. Utafiti uliofanywa kwa wanamichezo wa kiwango cha juu nchini Norwei na kuchapishwa 2011 ulilinganisha kasi ya asilimia 0.7 na 1.4 kwa wiki, na ni wale wa polepole walioongeza misuli huku wakipungua.

Protini haiguswi. Gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kilo ya mwili kila siku, na ukiwa kwenye upungufu kaa upande wa juu: kwa kilo 70 ni gramu 140, zigawanywe kwenye milo minne. Mafuta yawe karibu gramu moja kwa kilo. Kinachopanda na kushuka ni wanga. Kwa hesabu ya mtu wetu, wanga ni gramu 320 siku ya mbio na gramu 140 siku ya mapumziko. Tofauti hiyo ni kubwa, na inapaswa kuonekana kwenye sahani: wali au viazi vingi siku ngumu, mboga na maharagwe zaidi siku ya kupumzika.

Saa za kula

Saa mbili au tatu kabla ya mazoezi, kula gramu moja hadi moja na nusu ya wanga kwa kilo. Ukiamka na kutoka moja kwa moja, ndizi moja kubwa, yenye kama gramu 30 za wanga, inatosha kuanzia. Wapo wanaosisitiza kukimbia bila kula ili wachome mafuta. Ni kweli kwamba wakati huo huo wa mazoezi mafuta huchomwa zaidi, lakini kalori za siku zikiwa sawa, baada ya wiki kadhaa mafuta ya mwili hayatofautiani. Kinachotofautiana ni ubora wa zoezi, na njaa ya baadaye.

Zoezi likizidi dakika 90, kula au kunywa wanga gramu 30 hadi 60 kwa saa. Hapa ndipo watu hubisha zaidi: kwa nini ninywe sukari wakati ninataka kupungua? Kwa sababu gramu 60 za sukari kwenye lita moja ya maji, pamoja na robo kijiko cha chai cha chumvi, ni kalori 240 tu. Zihesabu ndani ya kalori za siku, usiziweke juu yake. Ni kalori zitakazofanya kazi palepale, na mara nyingi huokoa nyingi zaidi ambazo zingeliwa usiku.

Ndani ya saa moja baada ya kumaliza, kula gramu moja ya wanga na gramu 0.3 za protini kwa kilo. Kama tumbo linakataa chakula kigumu, kunywa. Nusu lita ya maziwa yaliyopunguzwa mafuta ikisagwa na ndizi mbili inatoa karibu gramu 20 za protini na 75 za wanga, kwa kalori kama 450. Kati ya milo yote ya siku, huu ndio ninaoutetea kwa nguvu zaidi, maana ndio unaorukwa kuliko yote.

Baada ya hapo upungufu uchukuliwe kwenye milo iliyo mbali na mazoezi, na milo hiyo ijazwe kwa vitu vinavyoshibisha. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walipima shibe ya vyakula 38 vyenye kalori sawa. Viazi vya kuchemsha viliongoza, vikishibisha zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Chakula cha jioni kiwe na protini gramu 35 hadi 40, nusu sahani ya mboga, na wanga unaotafunwa. Vinywaji vitamu na vitafunwa vya pakiti havina nafasi hapa: havizuii njaa kulingana na kalori zake. Mboga na maharagwe mengi, kwa upande mwingine, yasiliwe saa mbili kabla ya mbio za kasi, tumbo litasumbua.

Namna ya kujua kama mpangilio unafanya kazi ni rahisi. Kabla ya chakula cha jioni, ipe njaa yako alama kati ya 1 na 10. Ikiwa 8 au zaidi kwa jioni tatu mfululizo, hamisha kalori 250 kutoka jioni kwenda asubuhi au baada ya mazoezi, bila kuongeza jumla. Subiri wiki moja. Njaa ikibaki ileile, tatizo si saa tena: upungufu wako ni mkubwa, rudisha kalori 150 hadi 200.

Kabla ya kulaumu chakula, angalia usingizi. Katika jaribio moja la Chuo Kikuu cha Chicago lililochapishwa 2010, watu waliokula kalori zilezile walipopewa saa 5.5 za kulala badala ya 8.5, mafuta waliyopoteza yalikuwa pungufu kwa asilimia 55, na njaa yao ikapanda.

Mizani na saa ya mkononi

Usile kalori ulizoonyeshwa na saa yako. Watafiti wa Stanford walipopima vifaa saba mwaka 2017, hata kilichofanya vizuri zaidi kilikosea kalori kwa wastani wa asilimia 27.

Mizani nayo hudanganya kwa njia yake. Kila gramu ya glaikojeni hukaa na maji yapatayo gramu tatu, na misuli iliyochoshwa na mazoezi mapya huvimba kwa maji, hivyo uzito unaweza kupanda kilo moja au mbili mwanzoni huku mafuta yakipungua. Jipime kila asubuhi baada ya kwenda chooni, kabla ya kunywa chochote, kisha linganisha wastani wa wiki ya kwanza na wa wiki ya tatu. Mwanamke alinganishe siku zinazofanana za mzunguko wake wa hedhi. Anayekata chakula kwa sababu ya mizani ya siku tatu anakata kwa sababu ya maji.

Kuna dalili ambazo si za kuvumilia: kuamshwa na njaa usiku, kasi kushuka ingawa unapumzika, mafua yasiyoisha, hamu ya tendo la ndoa kupotea, hedhi kukatika, maumivu ya mfupa sehemu moja. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliutambua rasmi mkusanyiko huu wa dalili za mwili kukosa nishati ya kutosha mwaka 2014, na huwapata wanaume pia. Ukiziona, rudi kwenye kalori kamili kwa wiki mbili au zaidi. Kujiachia siku moja hakutoshi. Hedhi iliyokosekana na maumivu ya mfupa yapelekwe kwa daktari. Wenye kisukari wanaotumia insulini, wajawazito na waliowahi kuwa na maradhi ya ulaji wasianze mpango huu bila daktari.

Kama una mashindano, fanya kazi hii katika miezi ya kujenga msingi, wakati mazoezi ni mengi lakini ya kasi ya wastani. Mazoezi ya kasi ya mashindano yakianza, punguza upungufu kwa nusu. Wiki mbili za mwisho usiwe na upungufu wowote, na usishtuke mizani ikipanda kilo moja katika siku tatu za mwisho: hiyo ni glaikojeni na maji yake, na ndiyo utakayokimbilia.