Kwa nini video ya harusi iliyopigwa kwa HD hutoka na ukungu ikichomwa kwenye DVD?

Binti wa shangazi yangu alipoolewa, mpiga video alikuja na kamera ya HD. Jioni ileile alituonyesha vipande kwenye kioo kidogo cha kamera, na nakshi za hina mikononi mwa bi harusi zilionekana mstari kwa mstari. Wiki tatu baadaye tukaletewa DVD mbili. Tukaweka ya kwanza kwenye deki, TV bapa ya inchi 43, na ile hina ikawa doa la kahawia tu. Shangazi alidhani amebadilishiwa video.

Hakubadilishiwa. DVD ya kuchezwa kwenye deki iliwekewa vipimo vyake katikati ya miaka ya 1990, zama za TV za kichogo. Kwa mfumo wa TV wa PAL, ambao ndio tuliouzoea Afrika Mashariki, picha yake ina pikseli (vinukta vinavyounda picha) 720 kwa 576, jumla 414,720. Picha ya HD kamili ina 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Gawanya uone: ni mara tano kamili. Kwa hiyo programu ya kutengenezea DVD hulazimika kuibana picha hadi ibaki sehemu moja ya tano, kisha TV kubwa huivuta tena ijaze kioo. Ukungu unatokea hapo. Ungenunua mashine ya kuchomea ya bei gani, DVD ya deki itabaki na pikseli zilezile.

Na hata vipimo hivyo vingeruhusu picha kubwa, nafasi isingetosha. Kamera nyingi za nyumbani za HD hurekodi kwa AVCHD, mfumo ulioletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, na zikiwekwa kwenye ubora wa juu hutumia hadi megabiti 24 kwa sekunde. Saa moja ni karibu GB 11. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7, yaani dakika 26 hivi. Bi harusi hajafika hata ukumbini.

Ufinyu huo unatokana na leza yenyewe. Tunaposema "kuchoma" hatutii chumvi: ndani ya DVD tupu kuna tabaka la rangi maalumu, na leza nyekundu hulipasha joto nukta kwa nukta hadi ibaki alama. Chukua DVD iliyojaa nusu, igeuze, ielekeze dirishani. Utaona duara lenye kivuli tofauti kuanzia katikati hadi pale uchomaji ulipoishia. Alama hizo zimepangwa kwenye mstari mmoja mrefu uliojizungusha kama gamba la konokono.

Sasa, mwanga nao una unene wa ncha, kama kalamu. Kwa maka pana huwezi kuandika herufi ndogo za kujaza Biblia nzima kwenye daftari moja. Leza ya DVD ina mawimbi ya nanomita 650, na mistari yake imeachana kwa mikromita 0.74. Leza ya Blu-ray, diski iliyokuja baada ya DVD kwa ajili ya HD, ni ya buluu inayoelekea zambarau na ina nanomita 405, na lenzi yake huukusanya mwanga kwenye nukta ndogo zaidi, hivyo mistari imesogeleana hadi mikromita 0.32. Diski ni ya ukubwa uleule mkononi, lakini inaingiza GB 25 kwenye tabaka moja na GB 50 kwenye mawili. Mwanga huo wa buluu uliwasumbua wanasayansi kwa miongo. Wajapani Akasaki na Amano pamoja na Nakamura ndio walioupata kwenye diodi, kile kifaa kidogo cha kielektroniki kinachotoa mwanga, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Basi anayetaka kuhifadhi HD kwenye diski anahitaji raita, yaani mashine ya kuchomea, ya Blu-ray. Dukani soma boksi kwa makini, kwa sababu zipo mashine zenye nembo ya Blu-ray ambazo zinasoma tu na kuchoma DVD peke yake. Tafuta maandishi BD-R (diski ya kuandikwa mara moja) na BD-RE (ya kufutwa na kuandikwa tena) katika orodha ya diski inazoandika. Ukikuta BD-ROM tu, yaani ya kusoma peke yake, irudishe. Ukiona na BDXL, itachoma hata diski za GB 100.

Jambo lililotutesa sisi ni umeme. Raita nyembamba za nje hunyonya umeme kwenye USB, na tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500 tu. Leza ya kuandika inahitaji nguvu kuliko ya kusoma, kwa hiyo mashine inaweza kusoma vizuri kabisa halafu ikakwama katikati ya kuchoma. Tuliharibu diski mbili tukilaumu diski. Waya wa vichwa viwili, au tundu la USB 3.0, humaliza tatizo.

Kwenye diski zenyewe, epuka pakiti zilizoandikwa LTH. Hizo zinatumia rangi ya aina ileile ya DVD, ambayo haipendi joto wala jua, na deki nyingine huzikataa. Sony iliacha kutengeneza diski za Blu-ray za kurekodia Februari 2025. Za kampuni nyingine bado zinauzwa, ila mimi nisingesubiri.

Kuchoma kwenyewe, nenda polepole. Kasi ya 4x inamaliza GB 25 kwa dakika 23 hivi. Sioni sababu ya kukimbilia 16x kwa kitu kisichorudiwa. Washa kipengele cha kuhakiki baada ya kuandika. Jina andika kwa maka laini, si kwa kalamu ya wino, na usibandike karatasi juu.

La muhimu kuliko yote: mwombe mpiga video faili za asili kabla hajafuta kadi. Nakili folda nzima ya AVCHD, usichomoe faili za video za MTS peke yake, maana kamera hukata rekodi ndefu vipande vipande na taarifa za kuviunga zimo kwenye folda hiyo. Ichome kama data, bila kubana chochote.

Wetu alikuwa bado hajafuta. Zilikuwa GB 38. Tulichoma diski mbili za tabaka mbili, moja ikabaki kwa shangazi na nyingine kwa bi harusi, kisha tukaunganisha kompyuta na TV kwa waya wa HDMI. Shangazi alituambia tusimamishe picha kwenye mikono. Akasogea karibu na kioo, akaanza kuhesabu majani ya hina kwa kidole.