Maradhi ya njia ya mkojo kwa watoto wa minki

Minki ni mnyama mdogo mla nyama, wa jamii moja na nyegere, kicheche na fisi maji. Wale wa mashambani asili yao ni Amerika Kaskazini, na hufugwa kwa ajili ya manyoya. Kwa miaka mingi Denmark ndiyo iliyoongoza kwa ufugaji huo, hadi Novemba 2020, serikali ya Mette Frederiksen ilipoamuru minki wote wa nchi hiyo wauawe baada ya virusi vya korona kupatikana vimebadilika ndani ya mashamba. Waliouawa walikuwa zaidi ya milioni 15. Wengi wetu tulilisikia jina la minki kwa mara ya kwanza katika taarifa hizo. Wafugaji wa kule, hata hivyo, walikuwa na adui mwingine wa zamani zaidi, asiyetangazwa kokote, anayewaua watoto wa minki kila kiangazi: maradhi ya njia ya mkojo.

Kwa maneno machache, haya ni maambukizi ya bakteria kwenye kibofu ambayo aghalabu huambatana na mawe, na mara nyingine hupanda hadi kwenye figo. Ukisema ni UTI ya minki hujakosea, ila utakuwa umetaja nusu tu ya habari. UTI ya binadamu kwa kawaida humsumbua mtu, akatibiwa, akapona. Ya minki, hasa akiwa dume, inaweza kumuua kabla mfugaji hajajua kwamba anaumwa. Dalili ya kwanza mara nyingi ni mzoga kizimbani, tena wa mnyama mnene aliyekuwa akila vizuri.

Wakionekana wakiwa hai, huwa wamelowa tumboni kwa mkojo unaovuja. Hujikamua bila kutoa kitu au hutoa matone yenye damu, na miguu ya nyuma hulegea. Mzoga ukipasuliwa, kibofu hukutwa kimevimba na kuta zake zimevia damu. Ndani yake mna mkojo mzito wenye usaha, na mara nyingi mchanga au mawe, mengine madogo kuliko punje ya mchele, mengine makubwa kama harage. Wapo ambao kibofu hukutwa kimepasuka. Wapo pia wenye figo zilizotanuka kwa mkojo uliokosa pa kutokea.

Bakteria wanaokutwa humo si wageni. Stafilokoka huonekana mara nyingi, hasa wale wa kundi moja na wanaoishi kwenye ngozi ya mbwa. Hufuatwa na Proteus na E. coli, ambao makazi yao ni utumbo. Wote hao wapo kwenye ngozi, manyoya, kinyesi na waya za kizimba tangu siku mnyama anapozaliwa. Huingia kupitia tundu la mkojo na kupanda juu. Kwa hiyo kuuliza bakteria wametoka wapi hakutusaidii sana. Linalofaa kuulizwa ni kwa nini mkojo wa mnyama huyu, katika umri huu, umewakaribisha.

Jibu linaanzia kwenye chakula. Minki hula protini kwa wingi: mabaki ya samaki, mabaki ya machinjio ya kuku, na nafaka kidogo, vyote vikisagwa kuwa uji mzito unaowekwa juu ya waya za kizimba. Protini ikishatumika mwilini, ini hugeuza mabaki yake kuwa yurea, nayo hutoka kwa mkojo. Sasa, stafilokoka na Proteus wana kimeng'enya kiitwacho yurease, chenye uwezo wa kuivunja yurea ikatoa amonia. Amonia hiyo hufanya mambo mawili kwa mpigo. Kwanza huuondolea mkojo tindikali yake, ukawa wa alkali. Pili, yenyewe ni mojawapo ya malighafi tatu za jiwe liitwalo struvaiti; nyingine ni magnesiamu na fosfati, ambazo mifupa ya samaki na kuku imekwisha kuzileta kwa wingi. Katika mkojo wenye tindikali vitu hivi vitatu hubaki vimeyeyuka. Mkojo ukiwa wa alkali hushikana, vikawa chembe, kisha mchanga, kisha jiwe.

E. coli kwa kawaida hana kimeng'enya hicho. Anaweza kuchoma kibofu na kupanda hadi figo, lakini si mjenzi wa mawe. Ndiyo maana ripoti ya maabara inayosema tu "bakteria wamepatikana" haimsaidii sana daktari wa mifugo. Jina la bakteria humwambia anapambana na ugonjwa wa namna gani.

Kuhusu mawe yenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, akiwemo William Leoschke, waliyachambua ya minki wakakuta ni struvaiti. Ugunduzi huo ulielekeza macho jikoni. Kama jiwe haliwezi kukua kwenye tindikali, basi chakula kiongezwe tindikali. Kuanzia hapo wafugaji wa Marekani wakawa wanachanganya asidi ya fosforiki kwenye uji wa minki, na kwingine hutumika kloridi ya amonia kwa lengo hilohilo. Ukifikiria kwa haraka unaweza kushangaa: fosfati ni malighafi ya jiwe, iweje iongezwe? Ni kwa sababu kinachoamua ni hali ya mkojo. Ukibaki chini kidogo ya pH 6.5 (pH ni kipimo cha tindikali; namba ikishuka, tindikali imezidi), struvaiti haipati nafasi ya kushikana hata malighafi zikiwepo.

Dawa hiyo ina makali yake, hata hivyo. Tindikali ikizidi, chakula huwa kichachu kwa mnyama naye akapunguza kula, na mtoto anayekua huweza kupungukiwa madini ya mifupa. Kwa hiyo hupimwa kwa uangalifu, na haitolewi kiholela kwa watoto wadogo sana.

Kwa nini hasa watoto? Kalenda ya minki ni fupi na haina mzaha. Hupandishwa Machi, huzaa mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, na hufikia mwisho wao Novemba au Desemba manyoya ya baridi yakishakomaa. Kitoto huzaliwa kipofu, kina uzito wa takriban gramu 10, na kufikia Novemba dume amevuka kilo 2. Hakuna mwili unaokua kwa kasi hiyo bila kula sana, na kila mlo wa protini huacha yurea na madini nyuma yake.

Hatari hujitokeza katika vipindi viwili visivyofanana. Cha kwanza ni watoto wakiwa na wiki nne hadi nane. Kufikia umri wa wiki nne hivi wameanza kulamba chakula cha mama, hali macho ndiyo kwanza yanafumbuka na hawajajua kutumia chuchu ya maji ya kizimbani. Katika siku hizo huonekana wakilamba mate kinywani mwa mama yao kutuliza kiu. Chakula kigumu kimeanza, maji bado, na jua la Juni linawaka. Mkojo unakuwa mchache na mzito. Hapo mfugaji makini huongeza maji kwenye uji na kushusha chuchu zifikiwe na kitoto. Ni hatua rahisi kuliko zote nilizozitaja, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, ingawa haina muuzaji wa kuitangaza.

Cha pili ni kuanzia Julai hadi Septemba, na hapa wahanga wakubwa ni madume. Jike ana mrija mfupi na mpana wa kutolea mkojo, kwa hiyo bakteria humwingia kwa urahisi, lakini mchanga nao hutoka kwa urahisi. Mrija wa dume ni mrefu na mwembamba, tena unapita kwenye mfereji wa mfupa uliomo ndani ya uume. Mfupa hautanuki. Jiwe dogo likifika hapo hukwama, kibofu hujaa, na taka zilizopaswa kutoka hurudi kwenye damu. Baada ya hapo ni suala la siku chache, na pengine saa.

Kuna hali mbili ambazo hufananishwa na maradhi haya bila kuwa ndiyo. Moja ni madume wanene wanaolowa tumbo kwa mkojo wakati wa vuli. Manyoya huharibika na bei kushuka, lakini si lazima pawe na maambukizi wala mawe. Nyingine ni ugonjwa wa Aleutian, unaosababishwa na virusi, ambao huharibu figo polepole. Bila kupasua mzoga na kuotesha bakteria wa mkojo maabara, mtu anaweza kutibu kitu ambacho hakipo. Mkojo wenyewe uchukuliwe kwa sindano moja kwa moja kutoka kibofuni, maana uliodondoka kizimbani umekwisha kuchanganyika na kinyesi.

Sasa matibabu. Huwezi kumshika na kumdunga sindano kila minki katika maelfu, kwa hiyo antibaiotiki huchanganywa kwenye chakula cha kundi zima. Kasoro yake inaonekana upesi: mgonjwa ndiye asiyekula. Dawa huishia kwa wazima, huku aliyezibwa mrija akifa bila hata kuionja. Na hata kwa yule anayekula, bakteria waliojificha ndani ya jiwe hawafikiwi na dawa. Jiwe lisipoyeyuka, dozi ikiisha huanza upya. Denmark, ambayo tangu 1995 ina mpango uitwao DANMAP wa kufuatilia matumizi ya antibaiotiki na usugu wa bakteria kwa mifugo na binadamu, iliwaweka minki pia kwenye hesabu hiyo.

Kanuni hii ya mawe haikuzaliwa na minki wala haiishii kwao. Paka dume huzibwa na struvaiti kwa namna karibu ileile, isipokuwa kwake mawe hutokea mara nyingi bila bakteria wowote. Mbuzi dume aliyehasiwa mapema na kulishwa pumba na nafaka kwa wingi huweza kujikamua hivyohivyo, kwa kuwa mrija wake umebaki mwembamba huku fosfati ikimwagika kwenye mkojo. Anayefuga mbuzi wa kunenepesha Kongwa au Kajiado anaweza kuwa amewahi kuyaona haya akadhani ni kufunga choo.

Kwa mfugaji wa minki, ugumu mwingine uko kwenye kujua kama alichofanya kimesaidia. Mlipuko ukianza Julai, akitia dawa Agosti, na vifo vikapungua Septemba, dawa ndiyo itakayosifiwa. Lakini kufikia wakati huo joto limeshuka, kasi ya kukua imepungua, na pengine jiko la chakula limebadilisha mchanganyiko wa samaki. Bila kupima pH ya mkojo wa wanyama kadhaa kabla na baada, hana njia ya kutofautisha. Novemba kundi linachinjwa, isipokuwa wale wanaobakizwa kwa uzazi, na Mei inayofuata anaanza na watoto wengine, kwa chakula kilekile.